Muhtasari wa Kikao cha Simu

Kikao kilifunguliwa saa kumi na dakika ishirini.
Kilipaswa kuanza saa tisa, mwenyekiti alikuwa anatafuta chaji.
Kipindupindu kimeufunga uwanja wa shule kwa kamba ya katani,
amri imetoka: watu wasizidi watano, mikono isishikane.
Basi mlima wote wa Mabatini
ukajikunja, ukaingia kiganjani mwangu.

Akidi niliihesabu kwa sikio.
Lushinge, yupo: kikohozi chake nakijua.
Mama Kwandu, yupo: sufuria yake inatokota,
maji ya kunywa, kama tulivyoagizwa.
Jogoo wa Ngassa, yupo. Mwenyewe hakujitaja.
Mzee Bukombe hakupokea. Nikapiga tena.
Akapokea mjukuu: "Babu kachukuliwa jana, yuko kwenye mahema."
Nikaandika: udhuru.
Kalamu ikasita hapo.

Ajenda ya tatu, mapato na matumizi.
Mwenyekiti alisoma kama mtu anayevuka barabara:
tangi la maji, lita elfu tano, limelipiwa.
Minza akauliza, "Limelipiwa. Liko wapi?"
Hapo ndipo mtandao ulipougua.
"Haloo? Haloo? Sikupati, mama. Ajenda ya nne."
Mtandao wetu una adabu zake,
hukatika panapouma.

Ziwa tunaliona kutoka kila dirisha,
jeupe, pana, halina haraka.
Ndoo moja ya maji safi ni shilingi mia tano.

Sasa, mgeni hawezi kuyajua mawe yetu.
Huku nyumba zimekalia mawe kama kuku wanaotamia,
na neno likitupwa kwenye jiwe hili
hudakwa na lile, likarudishwa limenenepa.
Minza alikata simu.
Akapanda jiwe la nyuma ya choo chake, kanga kiunoni,
viganja vikinuka klorini na dagaa,
akavuta pumzi:
"Mwenyekitiii! Tangi liko wapi?"

Wapi, likasema jiwe la Lushinge.
Wapi, likasema la juu kule, penye mnara.
Milango ikafunguka. Watu wakasimama kila mmoja kwake,
juu ya jiwe lake, mbali na mwenzake;
masharti yote ya afya yalizingatiwa.
Hata jogoo wa Ngassa alichangia.

Mwenyekiti akatoka barazani,
simu bado sikioni, kioo kimeshazima.
Alijibu kitu. Upepo wa ziwani ulikuwa unavuma,
nami siandiki nisichosikia.

Niliandika hivi: Swali liliulizwa kutoka jiweni.
Wajumbe waliunga mkono kwa mwangwi.

Kata wameurudisha muhtasari, umepigwa mstari mwekundu:
eti "jiweni" si lugha ya ofisi.
Sijafuta.
Nilichofuta ni kimoja, ukurasa wa kwanza,
lile neno mbele ya jina la Mzee Bukombe.
Nafasi yake nimeiacha tupu.
Simu yake, tangu juzi, hata mjukuu hapokei.