Samaki Ndani ya Mlango

Starachowice, Februari.
Gereji ina baridi ya kung'ata kucha.
Lori la zimamoto, la mwaka sitini na tatu,
limekaa juu ya magogo kama mgonjwa
asiyejua anangoja daktari au maziko.

Nilifungua skrubu kumi na moja. Ya kumi na mbili
ilikuwa imeoana na kutu, nikaikata.
Bitana ya mlango wa kushoto ikaachia,
na nyuma yake, pasipofikiwa na rangi,
penseli ya nta, bluu, mbichi kama ya jana:
herufi W, namba 14,
mistari miwili ya kukata,
na samaki.

Samaki mdogo, wa mkupuo mmoja wa mkono,
jicho lake nukta.

Namba za injini nazijua, za fremu nazijua,
vitabu vya kiwanda nimevisoma hadi vikavunjika mgongo.
Hakuna samaki.

Nikampelekea picha Bi Leokadia Szczygieł,
ghorofa ya nne, lifti hakuna,
miaka themanini na saba, ishirini na sita kati ya hiyo
aliila kwenye ukaguzi, zamu ya usiku.
Alivaa miwani, akaivua,
akacheka mpaka chai ikamwagikia kitambaa.

"W ni Wincenty. Kumi na nne ni meza yake.
Mistari miwili: mlango umekataa.
Haukai, pale chini, unene wa ukucha tu.
Tuliusukuma kwa goti, mimi na yeye, ukaingia,
nikapiga muhuri. Mwisho wa mwezi, hesabu inadaiwa,
wewe ungefanyaje?"

Na samaki?

"Ijumaa. Kantini ilitoa heringi wa chumvi.
Alimchora ili nikifungua mlango
nijue kipande changu kimewekwa."
Akakunja kitambaa kilicholowa, mara mbili, mara nne.
"Niliolewa na fundi umeme. Mtu mwema."

Nikamwambia nitapaacha wazi, nitie kioo kidogo,
watu wapaone kwenye maonyesho ya Mei.
Kikombe kiligonga kisahani.
"Kijana, kile kiliandikwa kifichwe.
Rudisha bitana."

Nimerudisha. Skrubu kumi na mbili, moja mpya.
Rangi nyekundu mikono mitatu, ngazi, kengele ya shaba.
Samaki yumo gizani mwake
na mimi sikumpiga picha ya pili.

Jumamosi akaja mnunuzi, Bwana Pękala wa Kielce,
akalizunguka, akapiga matairi teke, akasifu,
akafunga mlango wa kushoto.
Ukagoma.
Akafunga tena, kwa hasira kidogo.
"Fundi, huu una nini?"

Siri ya mlango aijuaye bawaba.
Niliinama, nikaweka goti pale chini,
unene wa ukucha.
Ukaingia.