Sita na Nusu

Miaka kumi na saba bila albamu,
kisha Odell na Tavaris wakarudi, Ijumaa,
theluji ya Cleveland ikiwafika watu magotini.

Mhakiki mmoja wa New York, kijana
aliyezaliwa kaseti yao ya kwanza imekwisha chakaa,
aliwapa sita na nusu juu ya kumi.
“Sauti zimezeeka,” aliandika. “Pumzi inasikika
kati ya mstari na mstari. Fundi angeifuta.”

Kwa kinyozi Royce tuliusoma uhakiki kwa sauti.
Lavonne, ametoka zamu ya usiku hospitalini,
alicheka mpaka akakohoa:
“Hiyo nusu ni nini, chenji?”
Dorsey akasema tusijidanganye,
wimbo wa tatu ni maji ya kuoshea mchele,
na yule mtoto wa kiitikio, walimwokota wapi?
Tukazozana. Kumi! Nne! Wewe umeziba masikio!
Mara Royce akazima mashine,
kichwa changu upande mmoja kipara,
upande mmoja msitu.

Ulikuwa umefika wa kumi na moja,
pale Tavaris anapotaja namba ya nyumba ya mama yake,
nyumba ambayo benki iliichukua, jiji likaibomoa,
kisha ananyamaza mapigo manne,
na Odell,
hawakuwa wakisemezana tangu mazishi,
anaudaka ubeti bila kuitwa.

Pumzi ilisikika, kweli.
Hata ya Dorsey.