Kuupinda Mto

Babu aliunyoosha mto huu kwa kamba na vigingi
mwaka ule nyasi zilipokuwa na bei Jutland nzima.
Picha ingali ukutani: kofia, sigara,
na nyuma yake maji yamenyooka kama makuruta.
Kando, kijana wa miaka tisa amekumbatia vigingi.
Huyo ni baba.

Leo baba ana sitini na saba, goti la kushoto bandia,
amepanda katapila.
Kwenye kioo amebandika ramani ya mpimaji
aliyezikwa kabla babu hajabatizwa:
kona kumi na nne, na majina yake,
Kona ya Ndama, Kona ya Mjane, Kona ya Chumvi,
na moja isiyosomeka, panya walikula wino.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Na mto uliokaukia katika unyofu wake?
Anachota, anamwaga. Anachota.
Futi ya tatu udongo unageuka mweusi,
umejaa magamba ya kome, mawili mawili, yamefumbwa.
Anazima injini.
Kona hii hakuibuni yeye. Ilikuwapo.

Egon wa ng'ambo hajatusalimu tangu vuli.
Mara ya mwisho alisema:
“Baba yako alitutoa topeni kwa jasho, Thorkild,
wewe unaturudisha kwa mshahara.”
Wala hakukosea. Hekta sita za malisho yake zitalowa,
ng'ombe tisa wameshauzwa, na baba
alikuwa akiwajua mmoja mmoja kwa kwato.
Ukitaka mizani ikae sawa
lazima upande mmoja ukubali kushuka.
Haijaandikwa popote ni upande wa nani.

Saa tano wakabomoa kizuizi.
Msiniambie mto unakumbuka;
maji hayakumbuki, hufuata mteremko.
Lakini yalisita pale, naapa,
nikiwa nimeshika chupa ya chai,
yakasita kama mtu mlangoni anayefuta miguu,
kisha yakaingia
na povu, na ndoo ya plastiki, na bata mwenye hasira.

Wa halmashauri akauliza: ile kona isiyosomeka,
tuiandike nani kwenye kibao?
Baba akasugua goti. “Iacheni.”

Jioni nilimwona Egon uzioni,
maji yakimlamba miguu.
Hakuinua mkono.
Ila alikuwa amekuja na buti za mpira.