Nukta

Ibra, saa nne usiku, maabara ya shule ya wasichana.
Kiyoyozi kinakohoa. Kompyuta ishirini na nne
zimepangwa ukutani, hazina diski hata moja.
Bi Ghaniya aliziagiza hivyo kwa urahisi wa bei,
kisha akaniuliza, "Sasa zitakumbuka vipi?"

Hazikumbuki, nikamwambia.
Kila asubuhi zinaamka tupu, kikombe kilichosuuzwa,
zinaita kwenye waya:
mimi ni huyu, nambari niliyozaliwa nayo hii hapa,
yupo anayenijua?
Na seva, chini ya ngazi, kwenye kabati la mafagio,
inafungua daftari lake. Ikikuta jina, inaitika:
nakujua. Anwani yako hii. Kachukue chako pale.

Daftari hilo ndiyo kazi yangu.
Skrini nyeusi, kishale kinapepesa,
hakuna picha ya kubofya, hakuna karibu.
Amri moja, kistari, jina la mashine,
herufi na tarakimu kumi na mbili
nilizonakili kwenye vibandiko vya mgongoni,
nimepiga magoti, tochi mdomoni.
Ingiza. Haisemi ahsante.
Ni kama mwari aliyeulizwa posa,
kunyamaza kwake ndiyo kukubali.

Ya kwanza ikawaka. Ya pili. Ya tisa,
mistari ikimwagika kama mchele guniani.
Ya kumi na saba ikagoma.
Inauliza, inangoja, inauliza tena,
kila mara ikingoja zaidi,
mgeni mwenye haya anayebisha kwa kidole kimoja.
Mwisho ikaandika kwamba hakuna aliyejibu.

Nikabadilisha waya. Nikabadilisha tundu la swichi.
Nikampigia Biju, yuko Maskati kwenye harusi ya mtu,
mdomo umejaa biriani,
akanijibu kwa Kiarabu chake cha dukani:
"Dada, kibandiko. Soma tena."

Soma tena.
Baba alisimama dirishani na sanduku la bati,
ametoka Wete, karatasi hana,
akajitaja kama alivyoitwa na mama yake: Halfani.
Karani akateremsha kidole orodhani, akakipandisha.
Hakuna. Njoo kesho. Hakuna.
Siku arobaini alilala Matrah kwa jamaa wa jamaa,
akila mkate wa watu, akihesabu tonge,
mpaka karani mwingine, kijana, wiki yake ya kwanza kazini,
akaweka nukta juu ya herufi
na jina likawapo, lilikuwapo muda wote:
Khalfan bin Msellem, na babu yake, na babu wa babu yake.

"Nukta tu," husema mpaka leo,
akitafuta miwani iliyo usoni pake.
Kiarabu chake bado hakina kh.

Nikapiga magoti. Karatasi imechubuka, wino umefifia.
Nikaifuta vumbi kwa ncha ya shela.
Si nane. Ni B.

Nikafuta, nikaandika upya. Ingiza.
Kimya.
Nikaiwasha ya kumi na saba, ikauliza,
na safari hii hata haikumaliza kuuliza.

Saa sita kasoro Bi Ghaniya akapiga simu:
mtihani ni saa mbili, zimekubali?
Zote, nikasema.
Sikumwambia kwamba daftarini,
mahali pa jina, zingine nimeziita kwa nambari,
ila ile moja nimeiandika halfani,
kwa h,
bila nukta.