Finjani ya Pili

Ruwi, ghorofa ya nne, kampuni ya bima.
Kiyoyozi kinanguruma kama mtu aliyeudhiwa
na mimi natoka jasho.

Hapa huingii kimya ukenda kukaa.
Unaanzia mlangoni, meza kwa meza, mkono kwa mkono,
unauliza habari, unaulizwa habari,
na habari za hizo habari,
hata ukifika kwa mtu wa kumi na mbili
yule wa kwanza ameshasahau, anasimama tena.
Basi hufanya mazoezi kwenye kioo cha lifti.
Ghorofa nne hazitoshi. Hushuka mpaka kwenye magari
nikapanda upya.
Bado nimewahi kumjibu "alhamdulillahi"
mtu aliyeniuliza saa.
Nimewahi kumpa bwana harusi pole.

Saa nne huja Delwar na birika na sinia ya tende.
Sheria ya kahawa mnaijua:
ukitosheka husemi, unatikisa finjani,
naye anaichukua.
Sasa mkono wangu, mbele za watu,
hautaki kuamrishwa.
Mimi sikutikisa, wallahi. Nilitetemeka.
Naye Delwar, mtu wa adabu, akaichukua.
Miaka mitatu, finjani moja moja,
na harufu ya iliki ikihamia meza ya Badriya
ikiniacha nameza mate.
Ustadh Hilal akanisifu kikaoni:
"Mtazameni Mubarak. Kijana hana tamaa."
Wote wakanigeukia.
Siku ile hata tende ilinidondoka.

Kila adhuhuri natoka kwenye ngazi za dharura
kumpigia mama yangu, Barka.
Pale ulimi wangu unavua viatu.
Pale si Mubarak tena.
"Mbaruku, umekula?"
"Nimekula, mama."
Uongo wenyewe ni tende moja,
lakini nauongopa kwa Kiswahili kilichonyooka,
bila kigugumizi,
sauti yangu ikipanda ghorofa zote nane
kama ya mtu mwenye jengo.

Alhamisi iliyopita wakanitaka nisome ripoti.
Kurasa sita. Nilisoma mistari miwili.
Wa tatu niliuona, uko pale, umepigwa chapa,
ukakataa kupita kooni.
Nikasema nafuata faili.
Faili lilikuwa mkononi mwangu.

Nikakaa ngazini, baina ya ya tatu na ya nne,
kichwa magotini,
na hapo ndipo nilipoziona soksi za Delwar,
ngazi mbili chini, moja ina tundu la kidole.
Kumbe hapo ndipo anapopumzisha miguu.
Kumbe miaka yote hii
mama yangu alikuwa akimwangukia kichwani.
Akanitazama. Akafikiri sana.
Halafu, kwa lafudhi ya Chitagong,
pole, kama anayebeba sinia iliyojaa:
"Mbaruku. Umekula?"

Hakujua maana yake.
Alidhani ndiyo salamu yetu.
(Na nikifikiri, ndiyo salamu yetu.)
Nilicheka mpaka nikatafuta kitambaa.
Akamimina. Mkono ukatetemeka, kama ada yake.
Aliiangalia finjani,
akaniangalia usoni,
akamimina tena.

Tangu hapo, kahawa ikizunguka,
kwangu Delwar hasomi mkono, anasoma macho.
Jana nimekunywa tano mbele ya idara nzima.
Ustadh Hilal alinitazama kwa huzuni,
kama mwalimu aliyeibiwa mfano wake.

Ripoti haijesha. Wamenipangia Jumapili.
Nimeshashuka kwenye magari mara tatu
kuisoma kwa kioo.
Na usiku sikulala,
sijui kwa kahawa, sijui kwa hofu.
Nilijigeuza mpaka alfajiri, mama akanipigia,
na kabla hajafungua kinywa
nikamwahi mimi:
"Mama, umekula?"