Nipe Mji

Alhamisi, gereji ya Wendell Straka, Lorain, Ohio.
Ziwa linapenyeza Novemba chini ya mlango.
Ndani kuna hita ya mafuta ya taa, viti vinne vya kukunja,
kopo la kahawa lililojaa misumari.
Hatuchezi karata. Tunategana.

"Nani alipiga ngoma kwenye santuri ya pili ya Tarishi wa Zinki?
Si huyo mnayemjua. Yule aliyefukuzwa kabla ya picha ya jalada."
Bernadine anajibu kikombe chake hakijatua bado:
"Dewey Marsh. Mashoto. Alikuwa anauza mazulia Toledo
mara ya mwisho binamu yangu kumwona."
Hakuna anayebisha.
Bernadine ni daftari la madeni: lililoingia halifutiki.

Kanuni ni chache. Simu zote ndani ya ndoo.
Nusu jibu ni sifuri.
Ukishindwa, unatoa mji,
mji wowote, mradi uliwahi kusimama pale
na tiketi mkononi na masikio mawili mazima.
Hivyo Oskar amenipa Akron, pamoja na mvua yake
na kiatu alichokiacha topeni mbele ya spika.
Mimi nimempa Buffalo, bila kinyongo.
Nilikwenda na mume wa kwanza.

Tunajua ngoma za peke yake zilichukua muda gani
usiku ule umeme ulipokatika:
dakika kumi na moja, sekunde nne.
Presha zetu za damu hatuzijui.

Halafu televisheni.
Yule mpelelezi mwenye jicho la kioo, gari lake lilikuwa rangi gani?
"Kahawia," nikasema.
"Kijani!" Bernadine karibu amwage kahawa.
Tukazozana hadi hita ikataka mafuta.
Oskar kimya. Kisha, taratibu:
"Kwetu lilikuwa la kijivu.
Baba hakununua ya rangi mpaka nilipohama.
Mimi nililipaka jekundu,
na kila Jumamosi lilikuja jekundu."
Tukampa pointi. Ungefanyaje?

Zamu ya Wendell.
Tangu Aprili, tangu kiharusi, mkewe amebandika karatasi
kwenye milango ya kabati: SAHANI. DAWA. SUKARI.
Bernadine akachagua swali laini kama uji wa mgonjwa:
"Mnyama gani yuko kwenye jalada la santuri yao ya kwanza?"
Jalada lenyewe limetundikwa nyuma ya kisogo chake,
alilinunua kwa mshahara wa kwanza wa kiwanda cha chuma:
farasi ndani ya bafu.
Sisi watatu tunamwona farasi.
Farasi anatuona.
Angegeuka tu.

Hakugeuka. Alitazama viganja vyake
kama mtu anayetafuta funguo alizozishika.
Hita ikakohoa.

"Natoa mji," akasema.
"Upi?"
"Huu."

Miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuutoa huu.
Oskar akafungua mdomo kuulizia tiketi,
nikamkanyaga mguu.

Ndipo kidole kikaanza juu ya goti. Ta. Ta-ta.
Mdomo ukafuata, ukiguna gitaa la mwanzo,
noti kwa noti, pasipo jina, pasipo mnyama,
na alipofika pale santuri yake ilipokwaruzwa
na paka wa dada yake, mwaka sabini na sita,
akaruka,
kama sindano ilivyoruka siku zote.
Nasi, tuliojifunza wimbo ule sakafuni kwake,
ambao hata redioni tukiusikia mzima
tunaona kama umeongezwa chumvi,
tukaruka naye
tukatua pamoja.

"Nimeupokea," akasema Bernadine,
akifuta miwani ambayo haikuwa na ukungu.
"Ila theluji ya hapo mlangoni
utaendelea kuizoa wewe."