Faranga za Mwanvita

Juzi fundi bati alishuka ngazini, ngumi kaifumba:
"Nyumba yenu hii, dada, imepigiliwa kwa pesa."

Akafumbua.
Sarafu ina tundu la msumari katikati.
Upande mmoja kichane cha ndizi,
upande wa pili msalaba wa shaba, mikono minne sawasawa,
si wa kanisani.

Mwaka ule redio ya dukani kwa Virji, hapa Ujiji,
ilisema ng'ambo ya ziwa jimbo limejitenga:
lina bendera, lina stempu, lina wimbo wa kusimamia.
Wiki haikuisha, Lumbwe akavuka,
akapakia mapipa matatu ya mawese ya bibi yangu
na kumlipa noti zinazonuka wino.
"Nchi mpya, mama, pesa mpya. Hesabu."

Bibi hakujua kusoma; kuhesabu alijua.
Zilitimia. Kilichomsumbua ni unyoofu wake.
Noti isiyo na mkunjo, alikuwa akisema,
bado hajatokea wa kuiamini.

Alikwenda benki Kigoma kwa miguu, khanga mpya, noti kifuani.
Karani akafungua daftari,
akateremsha kalamu polepole hadi chini ya ukurasa.
"Nchi hii haimo."
"Mawese yangu yamo huko."
"Mawese yako, mama, yameshaliwa."

Akazitia kwenye kopo la siagi, akangoja,
kama unavyongoja muhogo: huufukui kuutazama.
Masika moja. Masika ya pili.
Kisha redio kwa Virji, kati ya bei ya pamba
na matangazo ya vifo, ikasema kwa sentensi moja
kwamba jimbo limerudi kwao.

Noti aliwashia mkaa. Ziliwaka kwa shida,
karatasi ilikuwa nzuri mno.
Sarafu zikabaki koponi zikilialia kila aliposogeza kitanda.

Sitini na nne, vita vilipowamwaga watu ufukweni,
alikuja mwanamume wa kiatu kimoja, mtoto mgongoni,
akaomba maji.
Bibi akaijua sauti.
Hakusema kitu. Akasonga ugali wa muhogo,
akaweka mgebuka mzima, na mtoto akamchambulia miiba.

Lumbwe aliposhiba akapapasa mfuko, aibu imemjaa,
akaweka mkekani alichokuwa nacho:
faranga tano.
Ndizi. Msalaba.

Bibi alicheka mpaka akapaliwa.
Kisha akaenda chumbani, akarudi na kopo na nyundo.
"Panda juu. Paa langu linavuja."

Alitoboa siku tatu, moja moja,
akizivika chini ya vichwa vya misumari.
Mtoto alikaa chini akimrushia.
Mtoto huyo ndiye mama yangu;
mambo mengine ya nyumba hii sikuambiwa, nimeyakuta.

Nimehesabu arobaini na moja. Nadhani fundi anayo moja mfukoni,
sijamuuliza.
Anasema siku hizi kuna mipira mizuri ya kuzibia,
haishiki kutu, dukani zipo tele.
Au niweke zilezile?

Zilezile, nimemwambia.